Samoni Wawili Waliozidi

Hestnes, 12 Januari 2003

Nels mdogo wangu,

Madaftari uliyoomba haya hapa, yote matatu. Lile la mwaka juzi lina doa la kahawa. Usinilaumu mimi, mlaumu Baba: mkono wa kushoto haumtii tena, na wa kulia una haraka.

Sasa niambie, ninyi watu wa ofisini mna shida gani na samoni wachanga wanaojinasa kwenye ndoana zetu tukiwa tunatafuta chewa? Nimemwandika kila mmoja: siku, saa, kina cha maji, alirudi baharini akipiga mkia au alielea kama jani. Unamjua Baba. "Andika, Ardis. Hata kama hakuna anayetuona, andika." Wenzetu wa Pardee, huko nyuma ya rasi, wanajaza sufuri. Mashua kumi na nne, misimu mitatu, na hawajanasa samoni hata mmoja! Nadhani samoni wa Pardee wamesomeshwa sheria.

Kiharusi kimemwachia Baba mguu mzito na maneno machache, lakini tarehe moja Mei, siku ya kufungua msimu wa chewa, hajaisahau. Kila asubuhi anaminya mpira wa tenisi ili mkono uweze kushika ufito wa kuvulia. Vyumba vyetu vyote tisa vya wageni vimeshachukuliwa kwa wiki zote sita za chewa, na unajua hizo wiki sita ndizo zinazotulisha mpaka mwaka unaofuata. Bwana Okada wa Seattle ameandika pia. Huu utakuwa mwaka wake wa thelathini na moja kufungua msimu na Baba, na bado wanabishana nani alimvua yule chewa wa kilo ishirini na sita.

Njoo kwenye ufunguzi. Na uje na koti lako mwenyewe la mvua.

Dada yako,
Ardis


Makao Makuu, 30 Januari

Dada Ardis,

Madaftari yamefika salama. Wakubwa zangu hapa Idara ya Uvuvi wanasema hawajawahi kuona kumbukumbu kamili namna hii kutoka gati lolote.

Unauliza ni za nini. Ni sehemu ya tathmini ya samoni mfalme kwa mwaka huu. Ni mapema mno kusema zaidi. Ningekushauri tu usiharakishe kupaka rangi vyumba wala kuongeza wageni. Tusubiri majira ya kuchipua, tuone.

Msimu uliopita nilishinda siku nyingi kwenye kizuizi cha Mto Tolmer nikihesabu samoni waliorudi kuzaa. Walikuwa mia tisa na wanne, mto mzima. Baba aliwahi kutuambia kuwa utotoni mwake walikuwa wakipanda kwa kusukumana mpaka huwezi kuona mawe ya chini. Msalimie sana.

Nels


Hestnes, 19 Februari

Nels,

Nimeisoma barua yako nikacheka peke yangu jikoni. "Usiharakishe kupaka rangi"! Kumbe unatupikia jambo, eti? Nimeshakuelewa. Mtu haombi madaftari matatu ya watu waaminifu halafu awaambie wasubiri, kama si kwamba kuna kheri inakuja. Mnatuongezea wiki, sivyo? Au mnaturudishia msimu wa Septemba?

Basi nimeshindwa kuifunga midomo. Nimewaambia pale kituo cha mafuta kwamba Tveit mdogo yuko makao makuu na anatupigania. Sasa hata wale waliokuwa wanakuita Karani wananiuliza unaendeleaje.

Baba kasimama juzi bila fimbo, akahesabu mpaka tisa. Nikamwambia, "Baba, keti, utavunjika." Akasema, "Kumi." Kisha akaketi.

Rangi nimepaka. Ya bluu.

Ardis


Makao Makuu, 14 Machi

Dada,

Tarehe 2 Aprili kutakuwa na mkutano wa wananchi hapo Hestnes, katika ukumbi wa shule. Idara itaeleza mapendekezo ya mwaka huu. Nitakuwepo, ila sitakuwa msemaji.

Nakuomba Baba asije. Ukumbi ule una baridi, na mikutano hii ni mirefu. Wewe pia, kama una kazi, si lazima.

Ukisikia jambo lisilokupendeza, kumbuka kwamba mimi ni mtumishi na juu yangu kuna watu.

Nels


Hestnes, 3 Aprili

Nels,

Nakuandikia yale uliyoyaona kwa macho yako, kwa sababu ulikuwa umeinamisha kichwa muda wote na huenda mengine yalikupita.

Baba alikuja. Alivaa shati jeupe. Alitaka akae mbele ili akusikie vizuri mtakapotangaza hizo wiki za nyongeza, maana mimi mjinga nilikuwa nimemjaza maneno hayo tangu Februari.

Mkubwa wako akazima taa, na ukutani ukatokea mwandiko wangu. Umekuzwa namna ile, na doa la kahawa kama sinia. Nikasikia mtu nyuma yangu anasema, "Ardis, si ni wako huo?" Mkubwa wako akaeleza kwa upole kama daktari: Hestnes hunasa samoni wachanga sitini na wawili kila msimu wa chewa. Mmoja katika watano hufa. Kwa hiyo, kumi na wawili. Idadi ya samoni mfalme wanaoruhusiwa kufa mwaka huu katika maji yote haya ni mia mbili na ishirini tu, na karibu wote wametengewa uvuvi wa samoni wenyewe, majira ya joto, kule mjini. Ili samoni hao kumi na wawili waokolewe, msimu wa chewa Hestnes umefungwa. Wiki zote sita.

Watu wakauliza, na Pardee je? Akasema msimu wa Pardee utaendelea kama kawaida, kwa kuwa rekodi zao hazionyeshi samoni hata mmoja.

Hapo ndipo ukumbi ulipogeuka wote kunitazama mimi. Si wewe. Mimi.

Baba akainua mkono wake mzima. Wakadhani anataka kuuliza juu ya samaki, wakampa kipaza sauti. Akasema, taratibu, unajua sasa inamchukua muda, "Nels. Ni wewe. Uliyewapa?"

Nawe ukajibu: "Takwimu hizi ni mali ya umma, Baba."

Mdogo wangu wewe, mali ya umma! Madaftari nilikufungia kwa kamba jikoni kwangu, nikaongezea na kipande cha mkate wa lefse kwa sababu unakipenda.

Tangu jana Baba hajaugusa mpira wake. Wageni nimeanza kuwaandikia mmoja mmoja wasije. Kituo cha mafuta siendi, namtuma mwingine.

Ardis


Makao Makuu, 9 Aprili

Dada Ardis,

Nimepiga simu mara sita. Najua upo.

Una haki ya kukasirika, lakini usiseme kwamba ni jambo dogo. Samoni wale wanaisha. Mimi ndiye niliyesimama ndani ya maji mpaka kifuani nikawahesabu, si mkubwa wangu. Mia tisa na wanne. Wakipungua chini ya mia nane, mto ule hautakuwa na samoni wakati wajukuu wa watu wa Hestnes watakapokuwa hai. Mtu fulani lazima aache kuvua kitu fulani. Kila gati linaniambia lile lile: si sisi, ni wale wengine.

Ningeweza kuwaambia mapema. Sikuwa na ujasiri. Hilo nalikubali.

Niruhusu nije nimwone Baba. Hata saa moja. Msomee barua hii.

Nels


Hestnes, 3 Mei

Nels,

Barua yako ya Aprili imekaa mezani mpaka leo.

Tarehe moja tulimpeleka Baba baharini, mimi na Bwana Okada, maana alikwisha kuvaa na kuketi mlangoni na hakuwa tayari kuvua kofia. Tangu turudi amelala. Hajala kitu tangu juzi asubuhi. Hana homa, halalamiki maumivu. Daktari alikuja, akaondoka bila kuacha dawa. Uso wake umetulia kuliko nilivyouona mwaka mzima huu. Bwana Okada hajarudi Seattle, anakaa naye.

Usije kwanza. Simu nimeichomoa. Mwandikie yeye mwenyewe, si mimi. Mweleze ulichofanya na kwa nini, bila lugha ya ofisi. Ukiiwahisha barua nitamsomea neno kwa neno, sitaruka hata nukta. Hiyo nakuahidi.

Ardis


Makao Makuu, 6 Mei

Baba yangu mpendwa,

Ardis anasema umepumzika na umetulia. Nimefurahi mno. Naandika haraka ili barua iwahi posta.

Nitakwambia yote. Mwezi wa Desemba mkubwa wangu aliniita akanionyesha jedwali. Vifo vinavyoruhusiwa ni mia mbili na ishirini. Uvuvi wa samoni mjini, majira ya joto, unahitaji mia mbili na kumi. Una mashua elfu kadhaa, una maduka, una watu wanaosikilizwa. Wakabaki kumi. Hestnes wanaua kumi na wawili. Tulikuwa tumezidi kwa samoni wawili, Baba. Wawili tu.

Nikasema, tupunguze nusu siku kule mjini, hesabu itatimia. Mkubwa akacheka, akauliza kama nimechoka na kazi. Sikulisema tena.

Pardee nilijua wanadanganya. Nilifanya kazi kwenye mashua yao nikiwa na miaka kumi na tisa, wewe hukutaka niende. Siku moja niliona samoni wachanga ishirini wakitupwa majini wamekufa, na nahodha akaandika sufuri mbele yangu huku akinikonyeza. Lakini sufuri haiwezi kukatwa. Kuifunga Pardee kusingeokoa samoni hata mmoja katika karatasi. Kilichoweza kukatwa ni cha yule aliyesema kweli, na aliyesema kweli alikuwa mmoja tu.

Na hili ndilo gumu. Nilipomwandikia Ardis kumwomba madaftari, uamuzi ulikuwa umeshafikiwa. Yalihitajika tu ili mtu asije akaupinga. Wenzangu walisema hakuna gati litakalotoa. Nikawaambia, dada yangu atatoa, kwa sababu ni mimi ninayeomba. Mwezi wa Machi nikapandishwa cheo.

Sikuombi unitetee kwa mtu. Nakuomba uniruhusu nije nikae karibu yako, hata kama hutasema neno.

Mwanao,
Nels


Hestnes, 14 Mei

Nels,

Baba alifariki tarehe moja Mei, saa tano na robo asubuhi, ndani ya mashua. Tumemzika Jumamosi iliyopita, tarehe kumi, kando ya Mama.

Rudia kuisoma barua yangu ya tarehe tatu. Hakuna uongo ndani yake. Alikuwa amelala sebuleni. Alikuwa ametulia.

Nitakueleza ilivyokuwa, ujue. Tulitoka watatu. Hatukuwa na ndoana hata moja. Bwana Okada alimfungia Baba chubwi tupu, kile kizito cha kuzamishia, mwisho wa mshipi, ili aishushe tu mpaka chini, ahisi mwamba unavyogonga. Aliuhisi. Alitabasamu kwa upande ule unaotabasamu. Ndipo mashua ya doria ikaja. Kijana mmoja tu, mpole, amenyoa vizuri. Akasema mshipi ukiwa majini eneo lililofungwa ni uvuvi, kuwe na ndoana kusiwe na ndoana, na kwamba itabidi achukue ufito. Nikamwambia, "Huyu ni mgonjwa, mwangalie." Akasema, "Naona, mama, lakini nitaandika." Akauliza jina. Nikamtajia. Kalamu ikasimama. Akamgeukia Baba, na nadhani alitaka kutusaidia. Akasema, "Tveit? Mzee, una undugu na Nels Tveit wa makao makuu?"

Baba hakuwa amesema neno lililonyooka kwa wiki nne. Lile lilitoka limenyooka.

"Hapana."

Kijana akaandika, akachukua ufito, akapiga saluti, akaenda. Baba aliendelea kukunja vidole kama bado ameushika. Tulipopita mnara wa taa Bwana Okada akaniambia, "Ardis, zima injini." Nilipogeuka nikaona sababu.

Barua yako ilifika Alhamisi. Nilikuahidi kumsomea, nami nilimsomea. Kanisani, mbele ya jeneza, baada ya mchungaji kumaliza. Neno kwa neno. Watu walikuwa kama mia na hamsini. Wa Pardee walikuwa safu ya tatu, manahodha wote kumi na wanne wamevaa tai, maana walimheshimu. Nilipofika pale pa sufuri na kukonyeza, sikupunguza sauti. Mwandishi wa gazeti la wilaya alikuwepo. Aliniomba nakala, nikampa.

Waliouliza uko wapi niliwaambia umearifiwa na hukuja. Hapo nilidanganya. Ni uongo mmoja tu, nao nimekuandikia, kama nilivyofundishwa.

Ardis


Mto Tolmer, 20 Oktoba

Dada Ardis,

Utakuwa umesikia. Baada ya lile gazeti walinisimamisha, kisha wakanirudisha kwa daraja la chini kabisa. Sasa naishi kwenye kibanda hapa kizuizini na kazi yangu ni kuhesabu. Mkubwa wangu bado yuko pale pale. Uvuvi wa samoni kule mjini uliendelea bila kupungua hata saa moja. Niliona picha gazetini, bwana mmoja wa benki ameshika samoni mfalme wa kilo kumi na tano, anacheka mpaka magego yanaonekana.

Mpaka leo wamepanda mia nane sabini na mmoja. Wamepungua. Wanaokuja sasa ni mmoja mmoja, wengine wamechubuka mgongo wote. Sidhani watafika mia tisa.

Miezi mitano sikukuandikia kwa sababu kila nilipoanza niliona jeneza na mimi sipo. Ulinifanyia unyama, Ardis. Nami nilikufanyia. Sijui kipimo chake na sitaki kukipima.

Nina swali moja, halafu sitakusumbua. Kila siku nalala na kuamka na lile "Hapana". Je, ndilo pekee? Asubuhi ile, nyumbani au njiani, hakusema kitu kingine chochote juu yangu? Hata kitu kibaya. Naomba unijibu.

Nels


Hestnes, 8 Novemba

Nels,

Nami nikupe habari za huku kwanza, maana huko kizuizini hazikufikii.

Barua yako ilifanya kazi zaidi ya nilivyotaka. Mwezi uliopita Idara imeifunga na Pardee. Wamesema rekodi za miaka mitatu haziaminiki, kwa hiyo msimu wao wa chewa umefutwa mpaka waaminike. Sisi hatukufunguliwa. Nilidhani watatupa siku zao. Wamezipeleka zote kwenye uvuvi wa samoni wa mjini, wameongeza wikiendi nzima. Nahodha mdogo kuliko wote wa Pardee, yule aliyebeba jeneza la Baba upande wa mbele kulia, ameuza mashua na kuhamia kwa wakwe zake. Wiki mbili zilizopita nilikuta mashua yetu imezama gatini, imetobolewa matundu manne kwa chini. Nilimwita polisi, akayatazama, akaniambia, "Ardis, unataka niandike nini?" Nikamwambia asiandike kitu.

Vyumba vimefungwa. Napika chakula shuleni, jikoni, nyuma ya ukumbi ule ule. Bwana Okada aliniandikia kadi Agosti. Hakusema kama atarudi.

Kwa hiyo usije ukafikiri nimeshinda.

Sasa swali lako. Nimelikalia kwa siku kumi.

Ndiyo, alisema. Asubuhi ile, kabla hatujatoka, nilikuwa nimepiga magoti namfunga kamba za viatu, na Bwana Okada alikuwa nje na injini. Baba akaniwekea mkono mzima kichwani, akataja jina lako. Kisha akasema maneno mengine sita. Yalimchukua muda mrefu, na aliyarudia ili ahakikishe nimeyasikia, akanitaka niyafikishe kwako. Ni maneno ambayo ungefurahi kuyasikia, Nels. Ungeyaweka kifuani ukalala.

Nimeyaandika mahali, ili nisiyasahau.

Sitakuletea.

Ardis